Msifungie sauti ya mtoto kabatini

Kwa Mhariri,

Naandika hii barua usiku manake mchana sipati hata dakika tano za kukaa. Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Kisauni, kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum, PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya kabla ya darasa la kwanza, wote chumba kimoja, watoto 14, mimi na msaidizi mmoja. Wako wenye usonji, wako wenye Down sindromu, wawili wana mtindio wa ubongo, mmoja hasikii vizuri, na wengine bado tunangoja majibu ya upimaji, lakini mtoto hawezi kukaa bure ati mpaka karatasi ije ndo aanze kufundishwa, kwa hivo tunaenda nao hivo hivo.

Siku hizi kila nikikutana na mzazi getini swali ni lile lile, mwalimu nimuwekee apu gani kwa simu? Na walimu wenzangu nao wamegawanyika, kuna wanaosema tableti ndo dawa ya hawa watoto, na kuna wanaosema skrini inawaharibu zitolewe zote darasani. Mimi nikiwasikiliza naona wote wanateleza mahali pamoja, wanaongea kana kwamba kila kilicho ndani ya tableti ni kitu kimoja. Sio kimoja. Kuna gemu za kusomea, zile za kuhesabu na kuvuta herufi, na kuna apu ya kuzungumzia, ambayo mtoto asiyeweza kutamka anabonyeza picha nayo inamsemea. Ile ya kwanza ni kifaa cha somo kama chaki na ubao. Hii ya pili ni mdomo wa mtoto. Na shuleni kwetu zote mbili zinawekwa kabati moja zinapigwa kufuli moja, na hapo ndo roho inaniuma mpaka nikashika kalamu.

Wacha nieleze kuhusu kijana mmoja. Ana miaka 5, hatamki neno, akitaka kitu anakuvuta mkono, usipoelewa anajigonga kichwa ukutani. Mwaka jana muhula wa pili tulipata tableti 3 za msaada, moja nikaitia apu ya picha ya bure inaitwa Cboard, ambayo UNICEF ilisaidia kuigharamia na mtu yeyote anaweza kuichukua bila kulipa. Nikamuwekea picha 6 tu. Maji, choo, mahamri, feni, nataka, sitaki. Wiki mbili za kwanza alikuwa anabonyeza ovyo ovyo, anaipenda tu ile sauti. Mimi na msaidizi wangu tukawa tunabonyeza na sisi, tukisema maji tunabonyeza maji, tukienda choo tunabonyeza choo, manake mtoto wa kawaida husikiliza watu wakiongea karibu mwaka mzima kabla hajadaiwa neno hata moja, sasa huyu kwa nini adaiwe siku ya kwanza?

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano saa ya uji, msaidizi akamuwekea kikombe mbele yake. Akakisukuma. Akaivuta tableti, kidole kikazunguka zunguka juu ya picha, kikatua kwa sitaki. Tukanyamaza sote. Akabonyeza tena, sitaki. Nikakiondoa kile kikombe. Alikifuata kwa macho mpaka mezani, halafu akaniangalia mimi, halafu kikombe, halafu mimi tena, uso umetulia sijawahi kumuona vile. Miaka 5 duniani na ndo kwanza amesema neno na neno likasikilizwa.

Kuanzia siku ile ikawa sitaki kutwa. Sitaki viatu, sitaki wimbo, sitaki kukaa. Kuna mkubwa mmoja alikuja kutukagua akaniambia niifute hio picha, ati inamfundisha ukaidi. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Mtoto anayeongea wa rika lake anasema sitaki mara ngapi kwa siku, na nani amewahi kumfunga ulimi? Huyu ndo anaihitaji zaidi, manake ndo anayeshikwa, anayevuliwa nguo, anayeoshwa na kubebwa na watu wazima wengi, na mtoto asiyekuwa na neno la kukataa anaweza kufanyiwa lolote na asijue mtu. Wazazi wenzangu hili mlishike, apu yoyote ya kuzungumzia mkiiweka, sitaki iwe ya kwanza kabla ya chakula, kabla ya rangi, kabla ya A B C. Na tangu aipate, kujigonga ukutani kumepungua. Sisemi kumeisha, kumepungua.

Halafu ile sauti yenyewe. Apu ilikuwa inamsemea kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili cha kigeni kigeni, mahamri inayasoma kama jina la mji. Nikamwita kakake wa miaka 8 siku ya Ijumaa baada ya shule, tukajifungia stoo kwa sababu ya kelele za barabarani, nikamrekodi neno moja moja. Sasa hivi akibonyeza inatoka sauti ya kijana wa Kisauni. Na hapa kuna kitu sikukitarajia, wenzake darasani wakaanza kumjibu. Mwanzo walikuwa wanaijia tableti kuichezea, siku hizi wakisikia nipe wanageuka kumuangalia yeye.

Picha nazo tumezibadilisha karibu zote. Zinazokuja na hizi apu ni theluji, ni basi la shule la manjano, ni nyumba yenye bomba la moshi, mtoto wetu atazihusisha na nini? Nimepiga picha kikombe chake chekundu, leso ya bibi yake, tuktuk, feri ya Likoni, viazi karai vya pale nje ya geti. Kazi ya jioni moja na kamera ya simu.

Bibi yake alinijia juu mwanzo mwanzo. Akaniambia, mwanangu, huyu yuwasemewa na mashine, mwenyewe atasema lini? Nilimuelewa kabisa na nilimheshimu, ni hofu ya karibu kila mzazi, kwamba mtoto akizoea kubonyeza ulimi utalala. Nikamkalisha nikampa chai nikamueleza kwamba hili limeshaangaliwa, mwaka 2006 watafiti Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia hizi za kuwasiliana, ishara za mikono, picha, vifaa, na katika kesi walizoziona ni za kuaminika hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi, wengi wao waliongeza, japo kidogo kidogo. Bibi hakusema kitu. Lakini wiki iliyofuata alikuja na orodha ya maneno yake mwenyewe anayotaka yawekwe, la kwanza ni shikamoo.

Sasa gemu. Sizidharau, zinanisaidia, mtoto mwenye Down sindromu anaweza kurudia herufi ile ile mara 30 na tableti haichoki wala haikunji uso. Na tusidhani hakuna za Kiswahili. Hapo Tanga tu, ukivuka mpaka wa Lunga Lunga, kulifanywa majaribio makubwa ya shindano la programu za kusomea linaloitwa Global Learning XPRIZE, tableti zikapelekwa vijiji 170 hivi, watoto karibu 3,000 wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na mwaka 2019 zawadi ya kwanza wakagawana onebillion ya London na Kitkit School. Hii Kitkit School ilitengenezwa na kampuni ya mume na mke, Sooinn Lee na Gunho Lee, waunda magemu waliobadilisha kazi baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalum. Na programu zile ziliachwa wazi mtu yeyote azichukue. Wale watoto wa Tanga walikuwa wakubwa kuliko wa kwangu, na hazikutengenezwa kwa ajili ya darasa kama langu hasa, lakini Kiswahili kipo mle, na mimi nashangaa mzazi wa Mombasa ananionyesha gemu inayomfundisha mwanawe apple na snow wakati nyumbani hasikii Kiingereza hata neno.

Lakini gemu ina mwisho wake. Nina msichana mmoja aliyekuwa hodari kwenye ile ya kuhesabu maembe, ikisema tia 5 kapuni anavuta 5 anapigiwa makofi na nyota zinarukaruka. Siku moja nikamuwekea mabuyu kwenye sahani nikamwambia nipe 5. Akanipa yote. Nikarudia, akanipa moja. Alikuwa amejua kucheza ile gemu, hesabu yenyewe bado. Tangu hapo tuna utaratibu, dakika 10 za tableti, halafu kitu hicho hicho kwa mkono, mabuyu, vifuniko vya soda, makome ya ufuoni, na mimi nakaa naye zote mbili. Mtoto akiachwa peke yake na gemu anajifunza mahali pa kubonyeza.

Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Nakubaliana nao. Nimeona wanaokuja Jumatatu wamechoka, wameshinda na simu wikendi nzima, ukiichukua ni kilio mpaka kutapika. Ila hio saa moja tuihesabu kwa gemu na video. Mtoto anayebonyeza choo hajatazama skrini, ameongea.

Kuna na mambo madogo madogo ambayo hakuna semina iliyowahi kutuambia tumeyajua kwa kuumia. Watoto wangu wawili wenye mtindio wa ubongo, mkono unatetemeka na kuburuza, akitaka kubonyeza maji anapita kwanza kwa feni na mahamri, tableti inapayuka yote matatu. Nilikata kifuniko cha plastiki cha dishi, nikatoboa mashimo 6 juu ya zile picha 6, kidole kikaingia shimoni na kutulia. Baadhi ya tableti zina setingi pia ya kuifanya skrini isijibu mpaka kidole kikae kidogo, itafuteni. Fundi seremala wa Kongowea alinitengenezea kibao cha mshazari ili tableti isilale mezani, shingo ya mtoto isiumie. Na udenda, mhariri, hili watengenezaji hawalifikirii kabisa, skrini ikiloa mate inachanganyikiwa, na mwezi wa tatu na joto letu hili hata jasho la vidole linatosha, kwa hivo pembeni ya kila tableti tuna kitambaa cha leso kuukuu. Sauti tunazipunguza, manake tableti 3 zikiimba pamoja wale wenye usonji wanaziba masikio na somo limekwisha. Intaneti nazima, la sivo matangazo yanaruka katikati ya somo na mtoto anabonyeza tu. Na apu inayotaka jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa na picha yake kabla haijafunguka siijazi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza, wala mimi sio mzazi.

Narudi kwa kabati. Muhula huu shuleni kwetu ilitolewa amri tableti zote zikae kwenye kabati la chuma ofisini, zitoke saa nne zirudi saa tano. Naielewa hofu yenyewe, tableti ikipotea au ikivunjika mwalimu ndo anaulizwa, na mtaa wetu unajulikana. Lakini yule kijana haja haimshiki saa nne mpaka saa tano peke yake. Siku moja mkutano ulinitoa darasani, na tableti ile nilikuwa nimeomba ruhusa ikae nje. Nikarudi nikakuta amenyang'anywa kwa sababu alibonyeza choo, choo, choo wakati wenzake wanafundishwa wimbo, ikachukuliwa kama utundu. Amekaa pembeni suruali imeloa, ameziba uso kwa mikono miwili. Alikuwa ameomba kwa adabu, kwa neno sahihi, mara nyingi. Nimemfundisha neno halafu neno likamponza, na mpaka leo najilaumu kwamba sikumueleza vizuri aliyenishikia darasa. Wiki nzima hakuigusa tena ile tableti. Alirudi kuvuta watu mikono.

Darasani mwangu kuna msichana wa kiti cha magurudumu. Ijumaa mchana anaondoka na kiti chake mpaka nyumbani na hakuna aliyewahi kusema kikae ofisini kisije kikaibiwa. Huyu mwingine Ijumaa anaachwa aende nyumbani bila neno lolote mpaka Jumatatu. Na likizo ndo wiki na wiki. Mamake aliniambia likizo iliyopita alikuwa akienda kwa ukuta anabonyeza bonyeza rangi kwa kidole.

Nimejaribu kuuliza wa kuuliza. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inasema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine inayofaa ya kuwasiliana, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Haijasema saa nne mpaka saa tano. Lakini Katiba hio hio, Jedwali la Nne, elimu ya chekechea imepewa kaunti, na elimu ya mahitaji maalum imebaki kwa serikali kuu. Sasa mtoto wa miaka 5 asiyeongea ni wa nani? Nikienda ofisi hii naambiwa huyo ni wa mahitaji maalum nenda kule, nikienda kule naambiwa huyo ni PP1 rudi ulikotoka. Hata ule mpango mkubwa wa tableti za shule za msingi ulioanza 2016 ulilenga darasa la kwanza, wa chekechea hawakuwemo, ndo maana tunaishi na msaada wa wahisani, na kitu cha msaada kila mtu anaogopa kukitumia kisije kikaharibika. Miaka hii ya mwanzo ndo ya kumjenga mtoto lugha, na ndo hio miaka ambayo mtoto hana ofisi ya kumshughulikia.

Ninachoomba sio tableti 14. Naomba zile za kuzungumzia zitenganishwe na za gemu, ziandikwe jina la mtoto, zisiwe zawadi ya kutulia wala adhabu ya kutotulia, na ziende nyumbani naye. Za gemu zifungiwe hata leo, sina neno. Naomba msaidizi yeyote anayeingia kwenye darasa kama langu aelezwe kabla hajaingia kwamba kile kidude kikiongea ni mtoto ameongea. Na kwa sababu stima inapotea na chaja zinakufa, kila mtoto awe pia na picha zile zile kwenye karatasi iliyopigwa laminesheni, kwenye mkoba wake. Kadi za picha sio kitu kipya, ule mfumo wa PECS wa kubadilishana kadi ulianzia Delaware huko Marekani mwaka 1985, na kadi haimalizi chaji. Nimewachapia wote 14 kwa pesa yangu, sio nyingi, na yule kijana sasa anatembea na yake shingoni kwa uzi. Kakake ndo anamsomea.

Fomu ya kuchukua tableti nyumbani nimeshaiandika, ukurasa mmoja kwa mkono, inasema nani anaichukua, itachajiwa wapi, itarudi lini, na ikivunjika tutafanya nini. Wazazi 9 wametia sahihi, bibi yake kijana akatia kidole gumba. Iko mkobani kwangu wiki ya sita sasa, kila ofisi ninayoipeleka wananiambia sio hapa.

Mwalimu wa chekechea,
Kisauni, Mombasa